Gari Lililotoka Itigi Bila Kamba

Tangu turudi, kila anayenikuta kisimani ananiuliza swali lilelile: gari mlilinunua kwa bei gani? Nikitaja shilingi mnatikisa vichwa, mkidhani nimewaficha nyingine. Nikitaja ng'ombe mnataka kujua walikuwa wa rangi gani. Basi nimeona heri niandike, msomeane wenyewe, maana koo langu limechoka na habari yenyewe imeanza kuota mbawa. Juzi nilisikia eti tulivutwa na punda kutoka Manyoni. Hatukufika Manyoni, na punda hakuwepo.

Habari za leseni, stempu na vidole gumba naziruka, hazina utamu wowote. Mengine nitayasema kama nilivyoyaona, ingawa njia nzima nilikuwa kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Mkiona mahali nimesema ukungu mara nyingi, mnivumilie.

Kinyangiri hadi Singida, kwa miguu

Tulikuwa watatu. Mjomba Msengi, kaka wa mama yetu, ambaye aliuza karibu zizi lake lote akabaki na mtamba mmoja mwekundu. Kaka yangu Yona, aliyeendesha malori ya jeshi kule Burma wakati wa vita ya Mwingereza na Mjapani. Na mimi Lea, niliyetumwa na ninyi wanawake wenzangu kwa sababu pesa ya samli yetu ilikuwamo, na mlisema wanaume wakiachwa peke yao watarudi na gramafoni.

Sababu ya gari mnaijua, ila naiandika kwa ajili ya watakaosoma mbali. Mdogo wetu Naomi alishikwa na uchungu mwaka jana, tukambeba kwenye machela kwenda hospitali ya misheni, tukaukuta mto umejaa. Tulikaa ng'ambo ya huku tukiyatazama maji mpaka mtoto akafa tumboni. Mwaka huu Naomi ana tumbo tena. Mjomba ndiye aliyesema, pale pale matangani, kwamba ng'ombe hana faida akikaa zizini akitazama watu wakifa. Lori la wafanyabiashara huja wakati wa mavuno tu, na treni, kama mjuavyo, ilikwisha kutuacha.

Tuliondoka asubuhi tukifuata tuta la reli. Vyuma viling'olewa vikapelekwa kusini, lakini tuta limebaki limenyooka katikati ya mashamba ya uwele, na nyasi zimeota pale mataruma yalipokuwa. Mjomba alilibeba tuta hilo kichwani, karai kwa karai, lilipokuwa likijengwa. Alikuwa akitembea mbele yetu, na kila tulipofika mahali ambapo daraja dogo limeondolewa alisimama, akashuka taratibu kwa njia ya ng'ombe, akapanda upande wa pili. Ukungu ulikuwa umelala chini, na mara mbili nilijikuta nimesogea pembeni nipishe treni.

Kiunoni alikuwa amejifunga kamba za ng'ombe wake wote aliowauza. Mnajua desturi yetu: ng'ombe anauzwa, kamba haiuzwi. Mnunuzi huja na kamba yake, na mwuzaji huivua ya kwake akarudi nayo, ili ng'ombe mwingine siku moja aifuate nyumbani. Mnunuzi anayechukua kamba ya mwenzake amechukua na bahati ya zizi. Nilimwambia, "Mjomba, zivue basi, watu wa Singida watadhani unauza kamba." Akanijibu, "Watadhani nilikuwa na ng'ombe, na hilo ni kweli."

Singida hadi Itigi, juu ya magunia

Singida tulicheleweshwa na harusi. Lori la kwenda Itigi lilikuwa limeshapakia karanga, ila dereva alikuwa na rafiki anayeoa, na kila tulipouliza tuliambiwa pilau bado. Mwishowe tuliletewa na sisi sinia, tukala chini ya lori, tukaacha kunung'unika. Kweli ilikuwa pilau nzuri, na mimi sijawahi kumchukia mtu huku nikila chakula chake.

Safari yenyewe naikumbuka vipande vipande. Ziwa likimeta nyuma yetu, kisha mawe makubwa, kisha vichaka vya Itigi ambavyo havina mwanzo wala mwisho, vimesongamana hata mbuzi angeomba njia. Jua lilikuwa kali na hewa ilinuka asali. Nililala, nikaamka, nikalala tena juu ya magunia, na kila nikiamka vichaka vilikuwa vilevile na Yona alikuwa akisimulia.

"Bandari ya Kolombo," alikuwa akisema, "niliona vigari vya kubebea masanduku. Havina moshi, havina kelele. Vinapita nyuma yako hata husikii. Vinakula betri tu."

Mjomba alifikiri kidogo. "Na betri inakula nini?"

"Umeme, mjomba. Jioni vinafungwa waya, vinakula mpaka asubuhi."

"Waya wa nani?"

"Wa serikali."

"Basi gari ni la serikali," akasema mjomba. "Wewe una zizi, mwenzako ana majani yote. Na ile betri ikizeeka?"

"Inanunuliwa nyingine."

"Kwa bei gani?"

"Sikuuliza bei, mjomba. Nilikuwa askari."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilifumba macho nikaliona gari lile lisilo na sauti likipita juu ya tuta letu, Naomi amelala ndani, wala nyasi hazitikisiki. Nililipenda sana. Mpaka leo nikiona asubuhi imetulia sana huwa nadhani liko njiani.

Itigi

Mwenye gari alikuwa Bwana Saleh, mfanyabiashara wa asali na nta, mtu mnene mwenye sauti ndogo, duka lake liko karibu na stesheni. Gari lilisimama uani kati ya madebe, la kijani, mbele chuma na nyuma limeundwa kwa mbao, na kuku alikuwa ametagia kwenye kiti. Saleh alimwondoa kuku kwa heshima zote, akatupatia mayai.

Yona alitaka tulipe tuondoke. Mjomba alikataa. Alisema hanunui mnyama ambaye hajamwona akinywa na kulala. Basi tulilala kwa Saleh, na asubuhi mjomba akasimama kando ya gari akitazama debe la petroli linavyomiminwa. Akauliza yote. Petroli inapatikana wapi? Singida na hapa. Tairi hudumu kiasi gani? Inategemea mawe na miiba. Oili? Kila mara. Serikali inataka nini? Kodi kila mwaka. Na mipira ya ndani, na viraka, na gundi ya viraka?

"Mzee," akasema Saleh, "nikwambie ukweli. Kulinunua ni siku moja. Kuwa nalo ni kila siku. Na betri yake imechoka, nawaambia mapema. Mimi huliwasha kwa hendeli."

Yona aliitikia kutoka chini ya gari kwamba hendeli inatosha, nasi tukamhesabia Saleh pesa yake. Saleh akachukua hendeli hiyo, chuma kilichopinda ambacho huchomekwa mbele ya gari, akakizungusha mara mbili, na gari likakohoa likaamka. Treni nayo ilikuwa ikipiga honi stesheni. Yona akaruka kwenye usukani, nami nikapanda nyuma na tandiko langu. Katika kelele ile nilimwona Saleh akimpa mjomba kile chuma, na mjomba akakipokea, akakitazama, akamrudishia kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa. Saleh aliduwaa, kisha akaweka mkono kifuani. Nilidhani ni adabu za wazee. Tena nilifurahi kuona watu wa mbali wanavyoheshimiana.

Itigi hadi Sepuka

Tulikwenda vizuri. Nawaambia, tulikwenda kama watu wanaoota. Vichaka vilipita pande zote mbili, vumbi letu likibaki nyuma limesimama angani, na mjomba alikaa mbele ameshika mlango kwa mkono mmoja na kamba zake kwa mwingine. Warina asali walitoka kando ya njia wakatupungia, nasi tukawapungia. Niliwaza jina la mtoto wa Naomi.

Kwenye mchanga gari likazimika. Yona akajaribu betri, ikatoa mlio mmoja wa kuugua ikanyamaza. Akashuka, akatazama chini ya kiti. Akatazama nyuma, akanifanya niinue tandiko langu.

"Mjomba," akauliza, "hendeli umeiweka wapi?"

"Ile kamba yake? Nilimrudishia mwenyewe," akasema mjomba. "Alinipa kwa ukarimu, lakini mimi si mtu wa kuchukua kamba ya mtu."

Yona alimtazama. Mnamjua kaka yangu, ulimi wake mkali, lakini mjomba ni mjomba. Yona alivuka njia, akaenda kukaa peke yake kwenye kivuli cha kichaka, ametugeuzia mgongo. Mimi nilicheka. Nilikuwa na hofu ya Naomi, na bado nilicheka, nikaficha uso kwenye kanga.

Yona aliporudi alieleza taratibu, akichora mchangani. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe siyo kamba," akasema. "Ni moyo." Akajifunga vizuri, akasema anarudi Itigi kuifuata.

"Kwa miguu utachukua siku, na tumbo la Naomi limeshashuka," akasema Yona. "Gari likisukumwa litawaka. Likiwaka, tusilizime mpaka nyumbani."

Warina asali wale wakatufikia, wakatusaidia kusukuma, gari likawaka, nami nikawapa vitumbua vya Itigi vyote vilivyobaki. Tangu hapo tulilichunga gari kama moto wa kuazimwa. Tukitaka kunywa maji halizimwi. Tukiziba pancha halizimwi. Petroli iliungua bure tumesimama, na kila nilipoisikia inaungua niliyaona madebe yenu ya samli yakipungua, moja baada ya jingine. Tulipofika njia panda, Yona alikata kwenda Sepuka, njia ndefu zaidi, kwa sababu njia ya kawaida ina mchanga mwingi.

Sepuka kuna rafiki wa mjomba wa tangu ujana. Mwenyewe hakuwepo, alikuwepo mkewe, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha, akaingia ndani. Tukakaa. Jua likateremka, gari linanguruma mlangoni, na hakuna aliyetuletea hata maji. Mjomba akaanza kuona haya.

Mwishowe alienda kuuliza kama tumemkosea. "Mimi nisonge ugali wa nani?" akajibu yule mama kutoka jikoni. "Mgeni aliyefika ameweka mzigo chini. Ninyi gari lenu linasema mnaondoka. Nikisonga mtaniachia sufuria imejaa."

Mjomba akaja akasimama mbele ya Yona. Yona aliligeuza gari, akalipandisha kwenye kilima kidogo kando ya zizi, akalielekeza chini, akaweka mawe kwenye tairi, akalizima. Kimya kilichoingia pale sijui nikieleze vipi. Nilisikia kengele za ng'ombe wanaorudi, nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Tulikula ugali wa uwele, mlenda na maziwa ya mgando, na yule mama akamwongezea Yona mara mbili.

Sepuka hadi Singida

Asubuhi yake mawe yaliondolewa, gari likateremka lenyewe likawaka chini kabla ya boma la jirani. Wenyeji walipiga vigelegele. Mjomba alimwambia yule mama kwamba akirudi atarudi bila gari, na mama akacheka kwa mara ya kwanza.

Singida tulikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga, ambako injini yake hutia umeme betri za watu. Fundi aliigusa yetu kwa nyaya, akatikisa kichwa. Imekufa, akasema, na mpya itatoka Dodoma, kwa bei ya mtamba mzuri. Mjomba alirudia neno hilo moja, mtamba.

Nilinunua petroli kwa pesa yenu iliyobaki. Naandika wazi ili mjue: ile mliyoitenga kwa bati la kanisa pia imo humo. Nikiwa pale dukani nikamwona mtu wa kwetu aliyekuja kuuza ngozi. Alisema alipoondoka Kinyangiri, Naomi alikuwa ameanza kuumwa kiuno, na kule juu mvua imenyesha.

Sikumbuki nilivyorudi kwenye gari. Nakumbuka tu kwamba Yona alikuwa ndani akikanyaga mafuta polepole lisizime, na nilipomwambia akanifungulia mlango.

Singida hadi Kinyangiri

Tulikwenda usiku, na karibu na alfajiri matope yalitukuta mbele. Njia ilikuwa imegeuka tope jeusi, na lori moja lilikuwa limekwama katikati, wenyewe wamelala chini yake kwa kukata tamaa. Tulilizunguka kwa shida, tairi zikiteleza. Ndipo mjomba akanyoosha mkono kulia. Kule, juu ya matope yote, tuta la reli lilikuwa limelala limekauka.

"Madaraja yametolewa, mjomba," akasema Yona.

"Nayajua," akasema mjomba. "Niache nishuke."

Alfajiri ile, rafiki zangu, nikiishi mpaka uzeeni nitaisimulia. Ukungu ulikuwa umeficha mashamba pande zote, tuko juu yake, na mbele ya gari mjomba anatembea, fimbo begani, akipiga mbinja ileile anayowapigia ng'ombe wakienda majini. Gari lilimfuata. Kila palipokatika alinyanyua mkono kabla sijaona kitu, akageuka pembeni, akashuka kwa njia ya ng'ombe, nasi tukashuka nyuma yake, tukapanda tena. Injini ilikuwa ikiguna taratibu, na mimi nyuma nilikuwa nusu macho, nikiwaona ng'ombe wote aliowauza wakitembea kati yake na sisi. Niliwahesabu kwa rangi zao. Sikuona ajabu yoyote.

Kufika nyumbani mlitukuta, mnajua. Mlitaka kuimba, nikawapigia kelele kama mwehu kwamba asiguse mtu gari na lisizimwe. Mnisamehe kwa hilo. Naomi aliletwa ameshikwa huku na huku, midomo imekauka, akaniuliza, "Dada, ndilo?" Nikamwambia ndilo. Tukamlaza juu ya mabua na magodoro yenu. Mjomba hakupanda. Alisema amelipima na mzigo umetosha.

Mto ulikuwa na maji ya magotini. Tuliupita tu, kama watu wanaopita uwanja. Naomi alikaza mkono wangu mpaka ng'ambo, akatazama nyuma, akaanza kulia, nami nililia. Mtoto alizaliwa hospitalini jua likiwa limesimama, wa kike, mwenye hasira nyingi. Niliposikia sauti yake nilitoka nje nikamwambia Yona, naye akanyoosha mkono akalizima gari.

Nyumbani

Tuliporudi kwa miguu na mtoto mgongoni, mjomba hakuwepo. Mkewe alisema ameondoka siku ileile ameshika mtamba mwekundu, hakusema anakwenda wapi. Tulingoja. Gari nalo lilingoja kwenye uwanja wa hospitali, ambao tope lake halikuruhusu kulisukuma, watoto wa wagonjwa wakicheza ndani.

Alirudi jioni moja nikiwa kwa Naomi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hendeli begani ameivingirisha kwa jani la mgomba. Alisema Bwana Saleh anatusalimu sana. Saleh alidhani tunayo hendeli yetu, na alitaka kumpa hii bure, lakini yeye mjomba hakukubali, maana kitu kama hicho hakichukuliwi bure mikononi mwa mtu. Alisema Saleh amekunywa naye chai na ni mtu wa maana. Alisema pia njia ya Sepuka imekauka.

Yona aliipokea hendeli. Hakuna aliyeuliza kuhusu mtamba, kwa sababu sote tulikuwa tumeshaona kamba yake, ile mpya ya katani, imeongezeka kiunoni kwa mjomba juu ya zile nyingine.

Aliomba maji akanawa mikono, akampokea mtoto akamtazama sana. Kisha akamrudishia Naomi, akafungua kamba ile moja, akaitundika kwenye mwimo wa mlango wa Naomi, akaikaza.

"Hii ni ya huyu," akasema. "Atakuja mwingine aifuate."

Bei mliyoniuliza ndiyo hiyo. Mkipita kwa Naomi mtaiona, bado ipo mlangoni.